Joto Lisilo na Haraka

Nikiwa kwetu Unguja na mtu akaniuliza nafanya kazi gani, humjibu kuwa nashughulika na mabomba. Si uongo. Mashine ninayoichora na wenzangu huko Ulaya ina mabomba ya maji mengi kuliko nyumba zote za mtaa wetu wa Mpendae, na mengine nimeyapitisha mimi mwenyewe kwenye kompyuta. Asiyeridhika na jibu hilo humweleza zaidi. Tunachukua hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, tunaiwasha ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote, mpaka iwe moto kuliko kitovu cha jua, ili viini vyake viungane na vitoe nguvu. Hakuna sufuria duniani inayoweza kuushika moto huo, kwa hiyo tunaushika kwa sumaku, ukae umeelea katikati bila kugusa ukuta. Hapo watu wengi hunitazama kwa huruma, kisha huniuliza kama nimeshaolewa.

Lakini kazi yangu khasa si kuuwasha huo moto. Walionitangulia walishaweza kuuwasha. Kazi yangu ni kuufanya udumu. Mashine za zamani ziliwaka sekunde chache, zikazimwa, zikaachwa zipoe, na watu wakapiga makofi. Hii yetu inatakiwa iwake nusu saa bila kupumzika, na zitakazoifuata ziwake mchana kutwa na usiku kucha, maana hakuna atakayejenga kituo cha umeme cha sekunde kumi. Na ugumu wote uko hapo. Kwa sekunde kumi kila kitu ni hodari, chuma kibovu ni hodari na hesabu mbovu pia ni hodari. Joto lenye haraka hujionyesha lenyewe, ukaliona na ukalipeleka kwenye maji. Linaloua mashine ni lile lisilo na haraka, linalopita nyuma ya vigae vinavyoukinga ukuta wa chombo na kuingia kwenye vishikio na nyaya ambazo hakuna aliyezikumbuka, likajikusanya kidogo kidogo. Haya nimeyajua miaka mingi na nimeyafundisha wengine, ndiyo maana ninayoyasimulia hapa yananitia aibu mpaka leo.

Baba yangu alikuwa fundi wa kusuka mota. Karakana yake ilikuwa Mji Mkongwe, chumba kimoja cha chini chenye harufu ya vanishi, na sakafu iliyojaa vipande vya waya wa shaba. Mota ya pampu, ya feni au ya mashine ya kukunia nazi ikiungua, ililetwa kwake. Aliifungua, akang'oa waya ulioungua kutoka kwenye mifereji ya chuma, akatandika karatasi mpya ndani ya kila mfereji ili waya usiguse chuma, kisha akasuka waya mpya kwa mkono huku midomo yake ikihesabu mizunguko. Aliitwa mpaka Fumba na vijiji vya Kusini. Kila mota ina hesabu yake ya mizunguko na unene wake wa waya, na yote hayo aliyahifadhi kichwani. Daftari hakuwa nalo. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwambia aandike, akanijibu bila kuinua uso, "Anaeandika ana shaka."

Alikuwa na ada moja ambayo wateja waliichukia. Mota ikishasukwa haikutoka karakana mpaka itimize siku. Aliiwasha asubuhi baada ya chai, akaifunika gunia, akaiacha izunguke hadi adhana ya alasiri. Mara kwa mara aliingiza mkono chini ya gunia na kuugusisha mgongo wa mkono kwenye chuma, kama mzazi anavyopima homa ya mtoto, kisha akanusa. Wenye mota waliokuja adhuhuri walimkuta amekaa tu na gunia lake linalonguruma, wakamwambia kuwa kitu kinazunguka, basi kimepona, awape waende zao. Yeye alisema, "Asubuhi kila mota nzima." Siku moja nilimuuliza kwa nini gunia. Akasema, "Huko kwake inakaa sandukuni." Sikuyatia maanani. Baadaye, nikiwa Ulaya, nilikigeuza kisa hicho kuwa mzaha wa kuchekeshea wenzangu mezani, habari ya baba yangu anayezifunika mota ili zisishikwe na baridi.

Mwezi wa Rajabu kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ulikufa na nusu ya mdomo ikalegea, lakini maneno yalirudi polepole. Niliomba ruhusa nikafanyie kazi nyumbani, nikaja na kompyuta yangu na vipimo vyangu, nikakaa chumba cha mbele. Kazini ilikuwa imebaki miezi miwili kufikia kikao cha mwisho cha kukagua michoro. Baada ya kikao hicho vyuma vinachongwa, na aliyekosea amekosea. Sehemu yangu mimi ilikuwa vishikio, vyuma vidogo vinavyovishikilia vigae vya ukutani kwa nyuma, ambavyo hakuna mgeni wa heshima atakayevipiga picha.

Katikati ya Shaabani alikuja mzee wa kamati ya msikiti ulio jirani na karakana ya baba. Alikuja na bajaji, na ndani ya bajaji mlikuwa na mota.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Baba yuko macho?"

Msikiti ule unategemea kisima chake, na pampu ya kisima ilikuwa imeungua. Ramadhani inaingia, watu watajaa, na udhu hautiwi kwa ndoo za kupokezana. Hata hivyo mzee alikuwa amekuja kuuliza tu ni fundi gani mwengine ampelekee. Baba alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha sebuleni. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Iweke hapo barazani," alisema.

"Bwana, wewe mgonjwa."

"Mgonjwa mkono. Kichwa changu kizima. Na mikono hii hapa nnayo miwili," akanyanyua kidevu kunionyesha mimi. Kisha akasema polepole, kwa sababu ya mdomo, kwamba anajua hatasuka mota nyingine baada ya hii, na kwamba anataka ile ya mwisho ibaki msikitini, izunguke watu watie udhu. Nilifurahi nikaona haya kwa furaha yangu. Nilikuwa na umri wa mtu mzima na shahada tatu, na hakuna hata moja iliyonifurahisha kama kuitwa mikono ya baba yangu.

Tulifanya kazi siku nne, mimi juu ya mkeka, yeye kwenye kiti amewekewa mito. Mota ile ilishawahi kusukwa na fundi mwengine asiyejua kazi, kwa hiyo kuhesabu waya ulioungua kusingetusaidia. Baba aliomba nimpe chuma kitupu mapajani. Akakipapasa kwa mkono wa kushoto, akafumba macho.

"Sitini na nne," alisema. Kila koili, yaani kila kitita cha waya, mizunguko sitini na nne.

Kusuka waya si mchezo. Vidole viliniuma, na baba hakunihurumia. "Unafunga mzigo wa kuni?" aliniuliza nilipokaza vibaya. Nilipoharakisha alinisimamisha. Koili mbili alinifanya nizing'oe nianze upya, na mara moja nilimjibu kwa hasira, akacheka kwa upande wake ule mzima wa uso. Mama alipita akasema sisi wawili tumefanana kwa ukali na tumepatana kwa mara ya kwanza. Tulipomaliza tuliitia vanishi, tukaianika juani siku mbili.

Siku ya kuijaribu ilikuwa tarehe ishirini na tisa Shaabani, na jioni ile mwezi ungetazamwa. Mama alikuwa amekwenda msibani mtaa wa pili. Baba, baada ya kumeza dawa, alilala. Niliiwasha mota barazani baada ya chai, nikaifunika gunia kama nilivyoagizwa, kisha nikalitazama lile gunia. Mimi ni mtu wa joto. Nalipwa kwa kujua joto linakwenda wapi. Nikajiambia kwamba ukifunika kitu hujui tena unapima nini, na kwamba mgongo wa mkono si kipimo. Nikalitoa gunia, nikalikunja, nikabandika kipimo changu kidogo kwenye chuma, na kila dakika tano nikaandika nambari. Upepo wa barazani ulikuwa mzuri. Joto lilipanda, likapunguza mwendo, na baada ya saa moja mstari wa nambari zangu ulilala, haukupanda tena. Mstari wa namna ile nimeuona mara nyingi. Nikaipa nusu saa zaidi kwa ajili ya adabu.

Kabla ya saa sita mchana mzee wa kamati alipiga simu. Watu wa kuifunga pampu ameshawapata na wanataka kuondoka, na kesho huenda ikawa Ramadhani. Nikamwambia aje aichukue.

Baba aliamka alasiri.

"Uliipa gunia?"

"Naam."

"Mpaka alasiri?"

"Naam, baba."

Wakati ule sikuona kama nimemdanganya. Niliona nimemwondolea mzee mgonjwa maelezo marefu. Akasema alhamdulillahi, akaomba maji.

Mota ilizunguka siku sita. Tarehe sita Ramadhani, baada ya adhuhuri, mzee wa kamati alirudi na bajaji ile ile. Alizungumza kwa upole, amesimama mbele ya kitanda cha baba, kofia mkononi. Ilianza kunuka, alisema, kisha ikasita, na watu walikuwa wamepanga mstari mpaka nje. Baba alinigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni.

"Tulitia mizunguko mingapi, mama?" Aliniita mama alipokuwa na jambo zito.

"Sitini na nne."

"Nlikwambia sitini na nne? Mimi?"

"Ndiyo, baba."

Alimgeukia mzee wa kamati. Akasema, "Bwana, nisamehe. Nambari imenipotea. Waambie watu, kichwa cha fundi ndo kilichokosea, si mtoto. Mtoto kafanya alivyoambiwa." Na akamwomba ampelekee kazi mtu mwengine. Mimi nilisimama pale nikiwa mzima, na mdomo wangu mzima, nikanyamaza.

Mzee alipoondoka aliiacha mota barazani, na nikaifungua peke yangu. Nambari ilikuwa sawa. Mota ya mizunguko michache huungua namna nyingine, huungua kote kwa pamoja. Hii ilikuwa imeungua koili moja, na chini ya koili ile karatasi ilichanika kiasi cha ukucha, mahali nilipoisukuma kwa bisibisi siku ya tatu, nilipokuwa na haraka. Msikitini pampu imefungwa ndani ya sanduku la mbao chini ya ngazi. Hewa ya mle hupata joto saa baada ya saa, na haina pa kutokea. Barazani kwetu upepo uliuficha mchaniko ule. Chini ya gunia, kabla ya alasiri, ingenuka, na pua ya baba ingeijua, au hata yangu.

Nikakaa chini na chuma mikononi, na hapo wazo jingine likanichoma. Niliinuka nikaenda kwenye kompyuta bila hata kunawa mikono, nikafungua hesabu za vile vishikio vyangu. Nilipovipigia hesabu nilichukulia kwamba ukuta wa chombo ulio nyuma yake haubadiliki, kwamba unabaki na ubaridi wake tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye mashine ya zamani ilikuwa kweli, maana ukuta haukupata nafasi ya kupata joto. Lakini katika nusu saa mawimbi tunayotumia kuwashia gesi, jamaa ya yale ya redio, hupenya kwenye nyufa za vigae, yakaupasha ukuta, ukuta ukavipasha vishikio, na humo ndani hamna upepo wala hamna hewa. Mimi nilikuwa nimevipa vishikio vyangu upepo wa barazani. Nikaiendesha hesabu upya ukuta ukiachiwa upate joto. Kwa dakika kumi za mwanzo ilikuwa salama. Kabla nusu saa haijatimia, vishikio vilikuwa vimelegea na kigae kimoja kimeachia.

Kabla ya adhana ya alasiri nilikuwa nimeshamwandikia mkuu wangu. Niliandika wazi kwamba kosa ni langu, nikaambatanisha michoro miwili, wa zamani na mpya. Haikunigharimu kitu. Kesho yake tulikutana kwa video, watu kumi hivi, na hakuna aliyenikaripia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko wanajua kuta zao zinachukua miaka mingapi kujengwa. Walinishukuru. Wakaamua kila kishikio kipitiwe na bomba lake la maji, na kwamba kabla ya kuchonga chochote kipande kimoja kitiwe ndani ya sanduku lililofungwa na kupashwa joto siku nzima. Mmoja akaniuliza nimegunduaje. Nikawasimulia habari ya gunia, safari hii bila mzaha. Wakasema baba yangu angefaa kukaa nao kwenye kikao. Wakati wanasema hivyo, baba alikuwa upande wa pili wa ukuta, na kwa siku ya pili alikuwa anaamini kuwa akili yake imekwisha.

Sikuelewa mara moja nilichomfanyia. Nilidhani amepata fedheha, na fedheha hupita. Kumbe yeye hakuwa akiwaza watu wa msikiti. Alianza kujipima. Alimwuliza mama leo ni siku gani, mama akamwambia, naye akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alikuwa anajua. Akauliza mama yake yeye, marehemu, akiitwa nani. Akauliza nyumba tuliyohama Mji Mkongwe ilikuwa na ngazi ngapi. Majibu yote alikuwa nayo, lakini alitaka ayasikie kwa mtu mwengine. Alikuwa akisoma Qur'ani kwa moyo kila Ramadhani, akikaa na macho yamefumbwa. Sasa aliomba ashikiwe msahafu mbele yake, na alipofika mwisho wa kila mstari alisimama kutazama kama hakuruka neno.

Katika sala ndipo ilipouma zaidi. Alikuwa akisali amekaa, na akamwomba mama akae pembeni amhesabie rakaa. Mama alikuwa akikaa pale na mtandio wake, akisema kwa sauti ya chini, "Ya pili hiyo. Ya tatu." Mtu aliyehifadhi mizunguko ya mota za mji mzima hakuamini tena kwamba anaweza kuhesabu mpaka nne.

Kwa nini sikusema? Nilijipa sababu nyingi. Mgonjwa haambiwi jambo la kumtia uchungu, hiyo ni ada yetu. Daktari alisema asikasirishwe. Nitamwambia akipata nguvu kidogo, nitamwambia baada ya Idi. Zote hizo ni porojo. Nilikuwa naogopa uso wake. Kwa wageni wa Ulaya nilikiri kabla ya alasiri, na kwa baba yangu nilikaa siku kumi na moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha maradhi yangu huku anayeyaugua ni mtu mwengine.

Siku ya kumi na moja, alasiri, mama alikuwa jikoni anashughulika na futari, akaniita nikae nimhesabie baba. Nilikaa pale alipokuwa anakaa mama. Baba alisali vizuri, taratibu, hakukosea kitu. Nikasema ya kwanza, nikasema ya pili. Alipotoa salamu alinigeukia.

"Nne?"

"Nne, baba."

"Una hakika?"

Aliuliza kwa unyenyekevu, kama anayemwuliza mtu anayejua zaidi yake. Hapo nikashindwa. Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti kando ya mswala wake, nikamwambia. Nilisema kwamba nambari haikuwa na kosa, sitini na nne ni sitini na nne, na kwamba karatasi niliichana mimi, gunia nililitoa mimi, mota ilizunguka saa moja na nusu tu, na nilipomwitikia naam mara mbili, zote mbili zilikuwa uongo.

Akauliza, "Karatasi ilichanika koili gani?"

"Ya tano."

"Ulisukuma kwa bisibisi."

"Ndiyo."

"Si nlikwambia utumie kijiti?"

"Uliniambia."

Akapumua pumzi ndefu. Nilidhani anakasirika, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, jicho la kushoto na la kulia. "Kumbe ninacho," alisema. "Kichwa changu ninacho." Alirudia hivyo mara tatu au nne. Mama alikuja mlangoni na kijiko mkononi akasimama.

Hasira ilikuja baadaye, na ilikuja sawasawa. "Siku kumi na moja," aliniambia. "Siku kumi na moja, mama, umenikalisha mwendawazimu ndani ya nyumba yangu. Ungenambia mota imeungua kwa mkono wako ningekupigia kelele nikanyamaza. Mota ntasuka nyengine. Hiki ntakisuka na nini?" Akajigusa kipaji kwa mkono wa kushoto. Nikamwomba radhi. Nililia nikaomba tena. "Radhi nshakupa," alisema. "Mtoto ananyimwaje radhi. Lakini usiseme kama si kitu."

"Ni kitu, baba."

"Basi nenda msikitini. Ulimwacha baba yako aseme uongo mbele ya watu akidhani kweli."

Nilikwenda siku ile ile, kabla ya magharibi, nikamwita mzee wa kamati mlangoni pa msikiti nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akitazama chini. Sikutegemea atafanya alivyofanya. Kesho yake Ijumaa, baada ya sala, alishika kipaza sauti na kuutangazia mtaa mzima kwamba kosa la mota halikuwa la fundi wetu bali la binti yake, msomi wa Ulaya, aliyeona gunia limepitwa na wakati. Nilikuwa uchochoroni nje na kila neno nililisikia. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walinitazama kuanzia mtandio mpaka viatu. Nilistahili.

Tuliisuka tena mota ile. Safari hii baba hakunitania wala hakunipigia kelele. Alisema yaliyohitajika tu, waya huu, karatasi hii, kijiti, hesabu. Mimi nilihesabu kwa sauti na yeye akahesabu kwa midomo, na tulifika sitini na nne pamoja kwa kila koili. Ilizunguka chini ya gunia tangu asubuhi hadi alasiri, naye amekaa kando yake muda wote. Kwenye kumi la mwisho la Ramadhani watu walikuwa wanatia udhu kwa maji ya kisima. Mpaka sasa naambiwa haijasita.

Mashine yetu nayo bado haijawaka. Kipande kimoja cha kishikio changu kilikaa sandukuni siku nzima, kikatoka kizima, na mabomba mapya yameingia kwenye michoro. Wenzangu hunipongeza kila jambo hilo linapotajwa, na mimi hubadilisha mazungumzo. Hawajui kwamba pongezi zao zina tarehe, na kwamba katika tarehe hizo kulikuwa na mzee anayeuliza jina la mama yake.

Baba alifariki tarehe kumi na tisa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mchana, baada ya kusali adhuhuri. Aliisali mwenyewe, bila wa kumhesabia. Watu walionipa pole walisema nishukuru, maana amekufa na akili zake zote, na ni kweli, alikufa nazo na akijua kuwa anazo. Lakini mimi nimehesabu. Tangu mota ilipoungua mpaka siku ile alikuwa amebakiwa na siku arubaini na tatu, na kumi na moja kati yake alizipitisha akidhani ameshakwisha.